Mikono Iliyobaki Mikocheni

Kiwanda kile cha Mikocheni kilifungasha iliki, bizari na pilipili manga kwenye vipakiti vya karatasi. Mauwa alifanya kazi hapo nusu siku, kuanzia saa saba mchana, kisha akawahi vipindi vya jioni chuoni. Alikuwa mwaka wa pili, akisomea usanifu majengo. Chumba chake cha Temeke kilijaa michoro ya ngazi na mapaa mpaka uvunguni mwa kitanda.

Muhula mpya ulipoanza, vipindi viliangukia katikati ya shifti. Mauwa akamwendea msimamizi, Praygod, kuomba awe anatoka mapema.

"Dada, mie sikukatazi kusoma," Praygod alisema. "Wewe nenda. Mikono tu ndiyo ibaki."

Anna, waliyekaa naye meza moja, alimsaidia kuichomoa mikono yake kwenye vifundo, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anavyomvua mtoto soksi. Haikutoka damu. Mikono ikatua mezani, ikaendelea kukunja, kujaza na kubana.

Chuoni, rafiki yake Hamdiya alimwandikia notsi na kumlisha sambusa.

"Umeiacha kazini?"

"Ndiyo. Shifti haijaisha."

"Wale watu hawana haya kabisa," Hamdiya alisema, akamfuta mdomo.

Mwanzoni Mauwa alikuwa akiipitia mikono yake jioni. Mlinzi wa getini alimvalisha, naye akarudi Temeke kuchora. Lakini oda za Ramadhani zilipofika, Praygod akaanza kuilaza kiwandani. Ikawa inafungasha kutwa kucha, na Mauwa akalipwa vilevile, kama kibarua wa nusu siku. Alipouliza, aliambiwa yeye mwenyewe muda mwingi hakuwepo.

Siku moja kabla ya mtihani wa kuchora, alikwenda kuidai.

"Bosi, naomba mikono. Kesho nina mtihani."

"Mtihani unaufanya kwa mikono yetu?"

"Ni yangu."

"Ni yako ukiwa nje ya shifti." Praygod alitazama meza, akapiga hesabu kichwani, kisha akaguna. "Haya, chukua. Ila kesho saa saba iwe hapa."

Ilikuwa na sugu mpya, na kucha zilikuwa za njano kwa bizari. Mauwa aliiosha kwa sabuni. Rangi haikutoka.

Asubuhi, kwenye chumba cha mtihani, swali lilitaka ngazi ya shule ya ghorofa mbili. Mauwa aliijua. Aliiona yote kichwani: kila kidato, mahali pa mtoto kushika, dirisha la kuleta mwanga pale ngazi inapokata kona. Akaiambia mikono ichukue penseli. Mikono ikachukua karatasi. Ikaikunja, ikabana kingo, ikakifinya kipakiti kutoa hewa, ikakiweka kulia. Ikavuta karatasi ya pili.

"Chora," Mauwa aliinong'oneza. "Nakuombeni, choreni."

Karatasi zilipokwisha, ikaanza kukunja swali lenyewe.

Mhadhiri, Dokta Polikarpo, alipita akikusanya. Akakiinua kipakiti kimoja, akakibonyeza kwa kidole gumba.

"Kimefungwa vizuri," alisema, akaandika sifuri juu yake.

"Dokta, anaijua hiyo ngazi!" Hamdiya alisimama. "Muulize kwa mdomo! Mikono yake wameiharibu kiwandani!"

"Mtihani ni wa kuchora. Mambo ya kiwandani mwanafunzi ayamalize na kiwanda." Akahamia dawati lililofuata.

Nje jua lilikuwa kali. Hamdiya alikuwa akilia kwa hasira, akisema watakwenda kwa mkuu wa kitivo, watakwenda mpaka wizarani. Ilikuwa inakaribia saa saba, na mikono ilikuwa imenyooka mbele yake, ikimvuta kuelekea Mikocheni.

Hamdiya akamkamata kiwiko. "Usiende, Mauwa."

"Mie siendi," Mauwa alisema, huku miguu ikiburuzika kwenye vumbi. "Yenyewe ndiyo inaenda."