Sahani ya Marehemu Babu

Kwa mamlaka niliyopewa na bweni letu la shule, kitanda cha juu, karibu na choo, natangaza rasmi kwamba mimi, Kellon Enoe, ndiye mrithi wa mashamba yote ya ukoo wetu kisiwani Carriacou, huko Karibi. Mashamba yenyewe ni matuta machache ya mbaazi na mbuzi mmoja anayeamini kuwa mrithi ni yeye.

Mama alinitoa Uingereza nikiwa mdogo, akanipeleka kwa Bibi Ernestine ili nijue asili yangu. Asili yangu ilinipokea kwa kunikabidhi ndoo. Miaka yote niliyoishi pale nilifundishwa mambo mazito: kuteka maji kwenye tangi la mvua bila kumwaga, kuitikia "Naam, Bibi" hata nikiwa juu ya mti, na kutowaudhi wafu. Hilo la mwisho halikunikaa vizuri.

Babu Cuthbert alizikwa nyuma ya nyumba, na kaburi lake lilikuwa bado halina jiwe. Bibi alilitamani jiwe hilo kuliko alivyotamani mimi nifaulu hesabu, na hapo alionyesha busara. Lakini kwetu jiwe haliwekwi mpaka marehemu aridhike, na msemaji mkuu wa marehemu alikuwa dada yake, Bi Veronne, ambaye hakuwahi kumsamehe Bibi kwa kosa la kuolewa na kaka yake.

"Ernestine, kaka yangu ana njaa," alikuja kutangaza. "Nimemwota kakaa juu ya tangi la maji, mikono mfukoni, hata kunisalimu hataki."

"Alipokuwa hai alikuwa anakusalimu?"

"Wewe cheka tu. Mpikie. Akila, sina neno tena. Asipokula, jiwe utaliota."

Bibi akapika. Jogoo, wali, mbaazi, matonge ya ugali wa mahindi, vyote bila chembe ya chumvi, maana wafu hawali chumvi. Akavipanga chumbani juu ya kitambaa cheupe pamoja na glasi ya ramu, ile ya kwetu ambayo kwa ukali wake barafu ikitiwa inazama. Akafunga mlango kwa ufunguo. Hakuna kuingia mpaka asubuhi, na hapo ndipo watoto hugawiwa alichobakiza marehemu.

Alasiri ile ile, wazee wakiwa uani wanakaza ngoma za karamu ya marehemu, mimi nilifanya ukaguzi wa usalama kupitia dirisha. Hali ilikuwa ya kusikitisha. Paja la kuku lilikuwa limelala wazi, halina mlinzi. Nilipolionja halikuwa na ladha yoyote, kwa hiyo nikatoka, nikajaza chumvi mfukoni huko jikoni, nikarudi. Sikuwa mchoyo: nilinyunyizia sahani nzima. Babu naye ni mtu.

Asubuhi Bibi alifungua mlango, Bi Veronne akimpumulia shingoni. Bibi akaona pengo kwenye sahani, akashika kifua.

"Cuthbert! Umekula, mume wangu!"

Machozi yalimtoka. Mimi nilisimama nyuma yao kwa unyenyekevu mkubwa, nikiwaza kwamba dhambi zangu nyingine hazijawahi kumfurahisha mtu namna hii.

Bi Veronne hakulia. Alimega ugali, akatafuna, akatema kiganjani.

"Chumvi! Ernestine, umemtilia kaka yangu chumvi! Umemfukuza kwenye sahani yake mwenyewe!"

"Mimi? Veronne, naapa kwa..."

"Ulikuwa humtaki akiwa hai, na sasa humtaki akiwa mfu!"

Bibi, ambaye niliwahi kumwona akimjibu hata padri, alikaa kitandani. Akajifunika uso kwa aproni. Nikaona ukaguzi wangu umekwenda mbali mno.

"Ni mimi, Bibi," nikasema, nikageuza mfuko wa kaptula. Chumvi ikamwagika sakafuni. "Na paja ni mimi."

"Si unaona?" Bi Veronne akapiga makofi. "Hajala! Jiwe hakuna!"

Bibi hakunitazama. Alikuwa anatazama glasi. Ilikuwa tupu.

"Na ramu?"

"Sijainywa, Bibi. Haki ya Mungu."

Hapo nilisema kweli tupu. Bi Veronne mwenyewe alinisogelea, akanusa pumzi yangu, akanikagua kuanzia kisigino hadi utosini. Mtoto anywe ramu ile halafu asubuhi asimame wima? Haiwezekani, na yeye alijua hivyo kuliko wote.

"Cuthbert siku zote alianza na glasi," Bibi akasema taratibu.

Bi Veronne akainusa glasi. "Hilo ni kweli," akakiri. "Basi mwite fundi wa jiwe."

Nilichapwa kwa ajili ya paja na kwa ajili ya chumvi, kila kosa na fungu lake. Jiwe likawekwa, Bi Veronne akacheza ngoma kuliko wote, na Bibi akawa anaimba akipepeta mbaazi.

Kisha ikafika siku ya kufua. Bibi aliinua shati langu kutoka kwenye beseni, akasogeza puani mkono wa kushoto wa shati. Akatazama upande wa kaburi, kisha akatazama ua wa Bi Veronne, kisha akanitazama mimi.

"Kellon."

"Naam, Bibi."

"Ramu."

Nilimtazama mbuzi. Hakunisaidia.

"Niliimwaga kwa kiwiko, Bibi. Yote. Nikapangusa kwa shati." Nikaelekeza kidole kaburini. "Lakini nilimwomba Babu radhi papo hapo."