Ulimi wa Godelieve

Godelieve Wauters hakuwa na heshima kwa mtu yeyote atiaye sukari kwenye bia. Pale Beersel, mji wa Ubelgiji alikorithi kiwanda cha bia, bia huwa na uchachu, na asiyeiweza akanywe maziwa. Mwanawe wa pekee akaenda kumletea Annelore, mkamwana aliyeponda vidonge viwili vya sukari ndani ya bilauri mbele ya wageni wa harusi, bila haya. Tangu siku hiyo mama mkwe alikuwa akimtangaza kuwa si lolote si chochote.

Lakini nyani haoni kundule. Homa ya majira ya baridi ilikuwa imeondoka na ulimi wa Godelieve mwenyewe. Siki, maji, supu, vyote kwake vilikuwa kitu kimoja, naye hakumwambia mtu. Na leo ndiyo siku ya kuchanganya bia changa na bia ya miaka mitatu, kwa kuonja pipa baada ya pipa, kama alivyofanya baba yake. Pipa moja lililogeuka siki likiingia, bia ya mwaka mzima itamwagwa, na jina la nyumba litaondoka nayo.

Akapata ujanja. Akamwita Annelore ghalani.

"Shika bilauri. Nataka nione kama sukari imekubakishia ulimi."

"Mimi tena, Mama? Si ulisema nisiyasogelee mapipa?"

"Onja. Maneno kampe mumeo."

Annelore akaonja pipa la kwanza, uso ukatulia. Godelieve akaonja naye, akajilamba midomo kwa madaha, akachora alama ya kukubali kwa chaki. La pili, mkamwana akakunja uso.

"Mtazame, kama mtoto aliyenyweshwa dawa," Godelieve akasema, huku akilichora pipa msalaba wa kulikataa.

Wakaendelea hivyo, yeye akitukana na macho yake yakiuchungulia uso wa mwenzake. Alijiona mjanja kweli, na alizidi kumdharau binti huyo kwa kutumiwa asijue.

Kwenye pipa kubwa la pembeni, penye tandabui ambazo kwa desturi ya ghala hakuna aliyeruhusiwa kuzifagia, Annelore akanywa funda zima. Uso haukusema kitu. Godelieve akanywa naye.

"Hili ndilo litakalobeba mengine yote," akasema, akainua chaki.

"Hiyo ni siki, Mama."

Godelieve akaishusha chaki.

"Nimejua tangu Pasaka," Annelore akasema taratibu. "Nilizidisha chumvi kwenye supu, watu wote wakaisusa, wewe ukaomba bakuli la pili. Nikangoja uniambie. Leo umenigeuza kijiko chako."

Godelieve akaipeleka bilauri puani, asinuse kitu. Aibu ilimchoma. Angeweza kumwita mwongo, na mwanawe angemsadiki mama yake, kisha bia yote ingeharibika.

"Kweli ni siki?"

"Hata harufu huisikii?"

"Siisikii."

Akampa chaki. Annelore akaipokea bila kumtazama, akalichora pipa msalaba.

"Kaa pale kwenye kigoda, Mama. Usiguse kitu."

Godelieve akaenda akakaa.