Mkaa Kwenye Pampu ya Bibi Rhobi

Mimi nikipigiwa simu kabla sijamaliza chai, naipokea kwa ubaya. Asubuhi ile mpigaji alikuwa Ambokile, bwana shamba wa Machochwe, Mnyakyusa mpole aliyeletwa na serikali kutoka Rungwe. Nikamwambia, "Sema haraka, chapati inapoa."

"Fundi Zaitun, pampu imekufa. Vijiti vya Bibi Rhobi vinanyauka."

Chapati nikaiacha pale pale.

Bibi Rhobi ni mjane, na mji wake uko karibu kabisa na mpaka wa hifadhi. Mlangoni kwake palikuwa na mlimau aliopanda marehemu mumewe, mzee Kisyeri, siku walipohamia pale wakiwa vijana. Masika haya tembo akapita. Jamani, tembo limau hali, hata jani lake haligusi! Aliusukuma kwa kiburi tu, mizizi ikatazama juu, kisha akaenda zake kula mahindi ya jirani. Ambokile akashauri zipandwe mbegu. Bibi akamkatalia macho makavu, akimwita mura, yaani kijana kwa Kikurya.

"Mbegu ni mtoto, mura. Mimi sitaki mtoto wake. Namtaka mwenyewe."

Ndipo Ambokile akakumbuka mashine ya kuotesha vipandikizi iliyokuwa imelala stoo ya ofisi. Aliyeifufua ni mimi, maana pale sokoni Mugumu fundi wa pampu na mota ni mimi, na anayebisha alete pampu yake tuone. Hiyo mashine ni beseni kubwa la plastiki lenye mfuniko wa matundu. Kila tundu lina kijiti tulichokata kwenye mlimau ukiwa bado mbichi, kimeshikwa na sponji, na chini yake pampu inarusha maji kama manyunyu kupitia nozeli ndogo ndogo, mpaka kijiti kitoe mizizi. Kinachoota ni mti ule ule, damu ile ile. Mlimau wenyewe ulishakauka na kuwa kuni, kwa hiyo vijiti vile vikifa, Kisyeri na limau lake ndiyo basi tena.

Bibi alikataa katakata vijiti vyake vilale ofisini kama mahabusu. Mashine ikawekwa nyumbani kwake, kwenye chumba anachotunzia vibuyu vya maziwa. Nikawapa masharti yangu: maji mbadilishe kila wiki, sponji ikilegea mniite, na mtu asitie mkono kwenye pampu.

Basi nikabeba pampu mpya, nikapanda bodaboda, vumbi lote la barabara ya Machochwe nikalimeza mimi. Nilipofika nikainama mlangoni. "Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Mashavu yamemvimba, macho yamemtoka, nikadhani kapatwa na kitu kibaya. Kumbe mdomo umejaa maji! Akafunua mfuniko, fyuuu, akavipulizia vijiti kwa chini kama mzee anayebariki wajukuu wanaosafiri. Halafu akajifuta kidevu.

"Marahaba, mwanangu. Nafanya kazi ya pampu yako tangu asubuhi. Meno yenyewe machache, maji yanapita vizuri."

Ningecheka, lakini niliona majani. Yalikuwa yamelala. Mimi mambo ya miti siyajui, ila kitu kinachokufa nakijua.

Nikachomoa waya, nikaitoa pampu, nikaifungua. Ndani imejaa unga mweusi, kile kifeni chake kimekwama kabisa na mota imeungua. Nikafungua nozeli, nazo nyeusi, zimeziba zote. Hapo nikamgeukia Ambokile, aliyekuwa amesimama mlangoni, na ulimi wangu mnaujua, au kama hamuujui waulizeni watu wa Mugumu.

"Bwana shamba, haya maji umeyachota wapi? Kwenye tanuru la mkaa? Nimekupa masharti matatu tu! Matatu! Shule yote ile uliyosoma, beseni moja limekushinda?"

"Fundi, haki ya Mungu, mimi nimeweka maji ya bomba."

"Bomba gani linatoa masizi? Usinifanye mtoto mimi!"

"Mwache huyo," akasema Bibi Rhobi, na uso wake umejaa fahari. "Nimekiosha mimi. Jana nilikisikia chombo kinanuka uvundo. Nikakisafisha vizuri, kwa kijinga cha moto, kama kibuyu cha maziwa. Si unasikia kinavyonukia sasa?"

Kweli kilinukia. Wakurya hawaweki maziwa kwenye kibuyu kabla hawajakisugua ndani kwa mkaa wa mti wao maalumu, na maziwa yake ukinywa hutasahau. Bibi aliipa mashine heshima ya juu kabisa anayoijua. Hasira yangu ikapanda mpaka kooni, ikaishia hapo. Utamfokea nani? Nikamtazama Ambokile, Ambokile akanitazama, tukaangua kicheko mpaka tukashika ukuta.

"Samahani, kaka," nikamwambia.

"Nimeshazoea," akajibu. Mshenzi kweli yule, lakini alikuwa na haki.

Kazi ikaanza. Beseni tukaliosha kwa maji na Jik kidogo, tukalisuuza mpaka harufu ikaisha. Bomba la mashine likawa linapwaya kwenye mdomo wa pampu mpya kwa kuwa lilikuwa pana, nikakata kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, nikazungushia, likabana. Zikabaki nozeli. Pampu mpya nilikuwa nayo, nozeli mpya sikuwa nazo, na kuzifuata Mugumu ni kurudi jioni na kukuta maiti. Nikachukua sindano, nikazibua moja. Tulipoijaribu, tundu lilikuwa limetanuka, ikawa inakojoa badala ya kunyunyiza.

"Hapa panatakiwa kitu chembamba na laini," nikasema. "Unywele wa mkia wa ng'ombe ungefaa."

"Ng'ombe wote wako malishoni," akasema Ambokile.

Macho yangu yakapanda ukutani. Kwenye msumari ulining'inia usinga wa mkia wa fahali, mpini wake umefungwa shanga. Kabla sijafikiri, mdomo ukasema, "Bibi, naomba nywele mbili tatu za ule."

Ambokile akakohoa. Nikatamani ardhi inimeze.

"Ule ni wa Kisyeri," akasema Bibi. "Tangu tumzike haujashikwa na mtu."

"Nisamehe, Bibi. Sikujua. Tutatafuta njia nyingine."

Akavitazama vile vijiti vilivyolala. Akainuka, akaushusha usinga, akaupuliza vumbi, akachukua kisu. Mimi machozi yalinilenga, sioni aibu kusema. Akakata kishungi kizima, akanitilia kiganjani.

"Alikuwa anafukuzia nzi tu na maneno mengi kwenye vikao," akasema. "Leo afanye kazi."

Tukakaa chini, watatu sisi, tukipitisha nywele za fahali kwenye nozeli moja baada ya nyingine. Bibi ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote, na alimcheka Ambokile kwamba Mnyakyusa vidole vyake vimezoea kumenya ndizi. Ile niliyoiharibu tukaiziba kwa kipande cha mpira. Nikachomeka waya. Pampu ikanguruma, manyunyu yakaruka, na Bibi Rhobi akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kaolewa nani.

Vijiti vingine vilikufa, nisiwadanganye. Vingine vikasimama. Siku Ambokile alipopiga simu tena na kusema neno moja tu, "Mizizi," niliipokea vizuri, na nilikuwa katikati ya chapati.

Nilipokwenda kuitazama pampu nikamkuta Bibi yuko mlangoni anapanda mche pale pale ulipong'olewa mlimau wa kwanza. Nikasema, "Bibi, lakini tembo si atarudi?"

"Arudi." Akaushindilia udongo kwa kisigino. "Kisyeri alipanda mmoja, hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Sasa mmoja uko hapa, mmoja kwa bwana shamba, mmoja nimempelekea dada yangu kule Genkuru." Akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa mche wa mwisho kwenye kopo la rangi, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Na huu ni wako. Kaupande Mugumu, nyuma ya duka lako. Hapo tembo hapajui."