Walubengo Akitega Sikio

Mzee Walubengo akirekebisha taimingi, yaani wakati wa cheche kuwasha petroli, gereji nzima ya Nyamasaria hunyamaza. Mchomeleaji huzima mashine, redio hufungwa, hata mama wa chapati hushusha sauti. Ni desturi yetu. Mzee hulegeza bolti ya distributa inayogawa cheche, huiinamia injini, huizungusha distributa kidogo kidogo, halafu husema, "Hapo." Mafundi wengine hutumia taa maalumu. Yeye huwacheka: "Taa ni ya wasiosikia."

Mimi sina subira na sherehe hizo. Nauza mchele, na siku hiyo ilikuwa ya soko la Sondu, ambalo halimngoji mtu. Lakini Peugeot yangu, pikapu kuukuu aliyoniachia marehemu mume wangu, ilikuwa imeishiwa nguvu, na fundi wake tangu zamani ni huyo.

"Hapo," akasema. Tukaenda kuijaribu kwenye mwinuko wa Kiboswa, yeye akiendesha. Gia ya nne, mguu chini. Injini ikaanza kugonga kama misumari ndani ya kopo. Nimeisikiliza injini hiyo miaka ishirini. Moto ulikuwa unawahi, na kwa mwendo huo pistoni zingetoboka kabla ya Sondu.

"Safi," akasema Mzee. "Inaimba."

Nilidhani ananitania. "Mzee, husikii hiyo kitu inagonga?"

"Ndiyo, Mama. Hii mlima ni kali."

Nakiri kwamba kwanza nilikasirika. Nilifikiria pistoni zangu. Kisha nikaona jinsi alivyoitazama midomo yangu, akisahau barabara. Alikuwa na hofu. Nikamhurumia, na huruma yenyewe ikaniudhi.

Nikamwashiria asimame. Akafungua boneti, akalegeza bolti. Nikaushika mkono wake uliokuwa juu ya distributa, nikaurudisha nyuma unene wa ukucha. Hakuuliza kwa nini. Tukashuka mlima, tukaupanda tena. Haikugonga.

"Toka lini?" nikamuuliza, nikimgeukia ili anione vizuri.

"Toka Krismasi. Hata bibi yangu hajui." Akajifuta mikono kwa muda mrefu. "Hawa watu wakijua, Mama, nani ataniletea gari tena?"

Nikachukua ufunguo, nikaketi kwenye usukani.

Tuliporudi, mteja mmoja, Robinson, alikuwa akingoja na Datsun yake. "Mzee, hii gari yangu inazimika tu. Hebu itegee sikio."

Mchomeleaji akazima mashine. Redio ikafungwa. Watu wote wakanyamaza kwa heshima. Mzee akalegeza bolti, akainama, kisha akainua macho kunitafuta.

Jua lilikuwa limeshapanda, na wenzangu walikuwa wameshapanga mchele wao Sondu. Nilizima Peugeot, nikashuka, nikasimama ng'ambo ya injini, mahali anaponiona.

Akazungusha kidogo. Nikatikisa kichwa. Akarudisha. Mlio ukatulia, nami nikamkonyeza.

"Hapo," akasema Mzee Walubengo, na redio ikafunguliwa.