Choo cha Upande wa Migomba

Nicodemus, bwana afya, alikuja kijijini kwetu Dunga, kando ya ziwa, kwa baiskeli mwaka wa hamsini na mbili, akaamuru kila boma lichimbe choo kimoja. Chetu kilichimbwa, kikaezekwa, kikafagiwa kila asubuhi. Ila hakuna aliyekitumia.

Angetuuliza tungemwambia, lakini nani angeanza kumweleza mgeni mambo hayo? Kwetu mwanamke haingii choo anachoingia baba mkwe wake. Mkivunja mwiko huo inakuja chira, ugonjwa wa kukonda mpaka kaburini. Basi Mzee Nyangweso, baba wa mume wangu, alinipisha mimi, nami nikampisha yeye, na boma zima likaendelea kwenda kwenye mafunjo ya ziwani. Mama mkwe akaweka matenga yake ya samaki chooni.

Binti yangu Apondi akaanza kuhara damu. Zahanati walimpa dawa, akapona, akaugua tena. Kaka yake nilikuwa nimemzika mwaka uliotangulia kwa hali hiyohiyo. Nilipombeba Apondi alikuwa mwepesi kama tenga tupu, na niliogopa sana.

"Hii ni chira tu," alisema mama mkwe.

Nicodemus alirudi, akafungua mlango wa choo, matenga yakamwangukia. Alifoka, nami nikafoka zaidi.

"Mama Apondi, sasa nyinyi munaenda haja wapi?"

"Kwa mafunjo."

"Na maji ya mtoto munachota wapi?"

Nilinyoosha kidole palepale kwenye mafunjo. Mzee alikuwa ameketi mbali kwenye kigoda chake, akishona wavu. Aliyatazama mafunjo, akamtazama Apondi, akauweka wavu chini.

Kesho yake alianza kuchimba choo cha pili upande wa migomba, na mgongo wake ule mbovu.

"Mzee, serikali inataka kimoja tu," Nicodemus alimwambia.

"Bwana, serikali haina mke wa mtoto."

Alipomaliza, matenga yakatolewa kwenye kile cha kwanza. Mzee akasimama mbali nami, kama heshima inavyotaka, akageuza uso kando, akasema na Apondi aliyekuwa mgongoni mwangu, mtoto ambaye hata kuongea alikuwa hajui.

"Mjukuu wangu, ambia mama yako, ile ya upande wa migomba ni yake. Mimi sitakanyaga huko mpaka nikufe."

Apondi hakuhara damu tena. Alipoweza kutembea vizuri, nilimpa bakuli la samaki aina ya ngege, nikamwelekeza kwenye kigoda cha babu yake.

"Mpelekee," nikasema, kwa sauti ya kumfikia mzee. "Mwambie mama anashukuru. Babu amembakizia mtoto."