Senene Kumi na Wanne wa Vestina

Jumamosi ya mashindano, saa moja asubuhi, Magdalena, katibu wa klabu ya gofu mjini Bukoba, alibandika orodha ya handikapu mlangoni. Handikapu ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hupunguziwa mwisho wa mchezo. Asiyejua sana hupunguziwa mingi, fundi hupunguziwa michache, na hivyo mnyonge anaweza kushindana na hodari. Ni mpango wa haki kabisa, mradi kila mtu aseme kweli kuhusu udhaifu wake.

Mwenyekiti, mzee aliyeitwa kwa heshima Ta Johnson, alikuwa na ishirini na nne. Hakuipata kirahisi. Mwaka mzima alicheza siku za mvua tu, akapeleka mipira migombani kwa makusudi, kisha akawasilisha matokeo hayo mbele ya kamati, ambayo aliiongoza yeye. Ni wachache wanaojituma hivyo ili washindwe. Kila Novemba, mwezi wa mashindano, ufundi ulimrudia ghafla. Zawadi ya mshindi ilikuwa uanachama wa maisha, na tayari alikuwa nao mara nne.

Vestina, mzaliwa wa Kimwani kule Muleba, alikuwa amekata nyasi za uwanja huo kwa miaka tisa. Wafanyakazi waliruhusiwa kucheza siku moja tu kwa mwaka, siku ya mashindano. Alitaka uanachama mmoja, wa kwake, ili acheze siku yoyote anayotaka. Kamati ilimpa handikapu ya mbili, kwa kuwa Mwenyekiti aliwahi kumwona akipiga mpira mmoja vizuri.

Saa mbili senene, wale panzi wa kuliwa, walishuka, maana ulikuwa msimu wao. Walitua mabegani mwa wachezaji, kila mchezaji na idadi yake, wakatulia. Mwalimu mstaafu Protase, ambaye handikapu yake ilikuwa kumi na saba, alipata kumi na saba. Vestina alipata kumi na wanne. Ta Johnson alipata watano. Alivaa koti juu yao, nao wakapenya kwenye kola na kukaa juu ya koti.

"Mwaka huu wanahesabu," alisema Magdalena, akaendelea kugawa kadi.

"Waitu Ma Magdalena," alisihi Vestina kwa heshima, "basi niandikie hiyo kumi na nne."

"Orodha imeshabandikwa, mwanangu. Gundi imekauka."

Wakacheza. Ta Johnson alimaliza kwa mikwaju sabini na tisa, Vestina themanini na nne. Ukitoa handikapu za kwenye orodha, Mwenyekiti alibaki na hamsini na tano, matokeo ambayo hata mabingwa wa kwenye televisheni huishia kuyaota. Vestina alibaki na themanini na mbili.

Mwalimu Protase alisimama. "Kwa hesabu ya senene, binti huyu ana sabini na Mwenyekiti ana sabini na nne. Mwenye michache ndiye mshindi. Mtoto wa darasa la tatu analijua hilo."

"Mwalimu," alisema Ta Johnson kwa upole, "hao senene ni wanachama?"

Mwalimu Protase alikiri kwamba hawakuwa wanachama. Chai ilikuwa imeletwa, akakaa.

Kamati ilijadili kwa muda wa kikombe kimoja. Ta Johnson akapewa uanachama wake wa tano wa maisha, akaupokea kwa unyenyekevu. Na kwa kuwa Vestina alikuwa amecheza vizuri, tena akaonyesha kuijua hesabu, kamati iliona si haki kuendelea kumbeba. Handikapu yake ikashushwa kutoka mbili hadi sifuri.

"Hongera sana," Ta Johnson alimwambia, akimpa mkono. Alimaanisha kabisa. "Sifuri ni heshima kubwa. Mimi mwenyewe sijawahi kuifikia."

Kisha sufuria likapitishwa, kila mtu akachangia senene wake kwa ajili ya kitoweo cha mshindi. Mwenyekiti alitoa wote watano.

Sufuria lilipofika kwa Vestina, alilipitisha kwa jirani yake. "Hawa ni wangu," alisema. Akainuka kwa hasira. Akatembea nao mabegani hadi chumbani kwake Rwamishenye, akawanyonyoa mmoja mmoja, akawakaanga kwa chumvi, akawala wote kumi na wanne. Jumatatu aliwasha mashine mapema, akakata nyasi kuanzia shimo la kwanza.