Dirisha Lisilo na Pazia

Fundi alishona mapazia ya karibu kila nyumba ya wageni iliyozunguka ghuba, lakini dirisha lake mwenyewe lilikaa wazi mwaka mzima. Majirani walimtania mpaka wakachoka. Yeye aliwajibu kwamba mtu hawezi kuolewa akaletwa mbele ya maji kama yale, halafu ayafunike kwa kitambaa. Cherehani yake aliiweka hapo hapo dirishani, na kila akiinua kichwa aliiona ghuba yote: maji yaliyopinda kama mkono wa kikombe, kisiwa kidogo katikati, kilima cha malisho upande wa kushoto, na mashamba ya mahindi yaliyoteremka mpaka ukadhani yanataka kunawa miguu.

Sifa za ghuba hiyo alizimwaga kwenye simu kwa miaka na miaka. Aliyezipokea ni dada yake mkubwa, mkulima wa viazi huko bara, ambaye alikuwa hajawahi kuiona bahari na wala hakuona haya kusema hivyo.

"Maji tu hayo," dada alikuwa akisema. "Hata mimi ninayo kwenye pipa."

Kisha mume wa Fundi akafariki, na dada naye alikuwa mjane wa siku nyingi, kila mmoja na nyumba yake na ukimya wake. Baada ya mazishi, ambayo dada hakuyawahi kwa umbali wa safari, Fundi alijikaza akamwambia kwenye simu ahamie kwake, waishi pamoja. Dada akamuuliza kama anatafuta mtu wa kumkoromea badala ya marehemu. Wakacheka wote wawili, na Fundi akalimeza lile neno kama kidonge kichungu, asilitoe tena. Tangu hapo jioni zake alizungumza na cherehani, na cherehani haikuwa na maneno mengi.

Basi mwaka huu dada akakubali kuja matembezi. Alifika na begi moja dogo, makusudi kabisa, ili mtu asije akapata mawazo.

"Nimekuja kuiona hiyo ghuba yako," alitangaza kabla hata hajakaa. "Nikishaiona naondoka. Viazi havijipalilii."

Hapo ndipo ghuba ilipoamua kumwaibisha mwenyeji. Asubuhi yake ukungu ulipanda kutoka majini, ukameza kisiwa, ukameza kilima, ukaja mpaka kwenye uzio wa Fundi ukasimama hapo kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Dada alikunja mikono mbele ya dirisha, akatazama weupe ule kwa muda mrefu.

"Nzuri," alisema. "Kwetu tunaiita shuka."

"Ngoja uondoke ukungu, dada."

"Nangoja. Miaka yote hii umenisifia shuka, nashindwaje kungoja?"

Kesho yake shuka ilikuwa pale pale, na kesho kutwa, na siku zilizofuata. Kila asubuhi dada alikwenda dirishani na kikombe chake cha chai, akatoa taarifa. Leo shuka imefuliwa. Leo imepigwa pasi. Fundi alinuna, akajitetea, akaelekeza kidole kwenye weupe na kueleza kipi kiko wapi. Moyoni alikuwa na vita. Alitaka ukungu uondoke asiitwe mwongo, kisha akalitazama lile begi dogo nyuma ya mlango, akaomba ubaki hata mwezi.

Maana dada alikuwa ameshaanza kuisumbua nyumba, na Fundi alikuwa anaona raha ambayo hakuitegemea. Sufuria zilihamishiwa kusikojulikana. Kiti cha marehemu, ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba, dada alikikalia siku ya kwanza bila kuuliza, akasema kina mguu mfupi, akaupachika kipande cha gunia. Walizozana juu ya chumvi, juu ya redio, juu ya nani alikuwa kipenzi cha mama. Asubuhi Fundi alisikia mtu akikohoa chumba cha pili, akajikuta anatabasamu peke yake kitandani kama mwehu.

Siku moja Fundi alikwenda nyumba ya wageni ya ng'ambo ya barabara kupima madirisha ya vyumba vya uani, vile visivyotazama chochote isipokuwa kamba za nguo. Alipotoka na tepu yake shingoni, mwenye nyumba akamwambia ghuba ilifunguka mara tu alipoingia uani, ikang'aa yote kwa muda mrefu, ikajifunga tena. Fundi alirudi nyumbani mbio, kadiri magoti yalivyokubali. Alimkuta dada amejilaza kwenye kochi, kanga usoni.

"Umeiona?"

"Nimeona nini? Nilikuwa nimelala."

"Imefunguka, dada, imefunguka yote."

"Ndivyo mnavyosema siku zote, nyie watu wa pwani," dada alisema, akageukia ukutani.

Upindo wa gauni lake ulikuwa umejaa mbegu za kishonanguo, zile nyeusi zinazong'ang'ania kila apitaye. Fundi aliziona, akakasirika tu kwamba zitachafua kochi, akakaa chini akaanza kuzichambua moja moja. Majani hayo nyumbani kwake hayakuwepo.

Siku zikaenda. Jioni moja walikuwa wamekaa wote kwenye kazi, Fundi akikata kitambaa, dada akitoa nyuzi zilizobaki kwenye mapazia ya nyumba ya wageni. Nje kulikuwa kweupe kama kawaida. Fundi alikuwa amerudi tena kwenye habari ya kisiwa, namna kilivyoviringana vizuri, hakina kasoro hata moja.

"Kimeviringana wapi," dada alisema, macho kwenye uzi wake. "Na huko nyuma kimemeguka kama mkate uliopitiwa na panya?"

Mkasi wa Fundi ulisimama katikati ya kitambaa.

Kutoka dirishani kisiwa kilikuwa mviringo mtupu. Ubaya wake ulikuwa upande wa pili, na ubaya huo ulionekana kutoka juu ya kilima peke yake. Mumewe ndiye aliyempandisha huko akamwonyesha, wakiwa bado maharusi, na Fundi hakumwambia mtu yeyote, maana hakutaka kisiwa chake kisemwe. Na njia ya kwenda kileleni, mwanzo mpaka mwisho, ilijaa kishonanguo.

Kumbe huyu bibi alikuwa ameshaiona ghuba. Ameshaiona tangu siku ile ya kochi, yote, mbele na nyuma, na asubuhi zote zilizofuata amesimama pale na kikombe chake akilalamikia shuka. Kila jioni alimpigia simu jirani yake wa bara amwambie aendelee kupalilia, bado ukungu. Fundi alifungua mdomo. Maisha yake yote alikuwa akingoja kumkamata dada yake kwenye uongo, na sasa alikuwa amemshika mkononi, mbichi kabisa. Kisha akaliona lile begi nyuma ya mlango. Akafunga mdomo, akaendelea kukata, na furaha iliyompanda ilikuwa kubwa mpaka mstari ukaenda kombo.

Kabla ya magharibi upepo uligeuka. Ukungu ulianza kuchanika vipande vipande, na mtu aliyeishi pale kama Fundi hakuhitaji kuambiwa kesho itakuwaje. Aliinuka, akachukua kile kitambaa kizito kilichobaki kwenye kazi ya wageni, akakiwekea bitana mbili.

"Unamshonea nani?" dada aliuliza.

"Mteja mmoja msumbufu."

"Zito hilo. Anaficha nini?"

"Mwanga," Fundi alisema. "Unamsumbua."

Asubuhi ghuba iliamka bila doa. Maji yalimeta, kisiwa kilijitokeza, ng'ombe walionekana kilimani mpaka pembe. Fundi aliitazama kidogo, akaiomba radhi, akalitundika lile pazia jipya, akalivuta.

Dada alitoka chumbani amevaa nguo za safari. Dirisha la chumba chake lilitazama uani, jua alikuwa ameshaliona, na yeye ni mtu wa kushika neno lake hata likimuumiza. Begi alilishika mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kung'olewa jino. Akafika sebuleni, akakuta giza, na pazia mahali ambapo halijawahi kuwapo pazia.

"Usijisumbue, dada," Fundi alisema bila kuinua kichwa kwenye cherehani. "Ukungu wa leo ndio mbaya kuliko yote."

Ufa wa mwanga ulikuwa umepenya chini ya pazia, ukalala juu ya vidole vya miguu ya dada. Aliutazama. Akamtazama mdogo wake, aliyekuwa akishona kwa bidii kwa cherehani isiyokuwa na uzi. Akaliweka begi chini, akasogea, akalishika pazia kwenye pindo, akaligeuza.

"Limekwenda kombo," alisema. Sauti yake haikuwa imenyooka sana. "Nani alikufundisha kazi? Nipe sindano."

Akakivuta kile kiti cha mguu wenye gunia, akakaa, pindo mapajani. Alishona mishono michache.

"Hivi," aliuliza, "viazi vinakubali huku?"

"Sijui. Ukungu ukiondoka tutatembea tuangalie."

"Basi tungoje," dada alisema, akakata uzi kwa meno.